Kwa mwanangu, kuhusu zile siku mbili

Mwanangu kipenzi,

Nakuandikia kwa kuwa mdomo wangu ndio ulioharibu. Juzi uliporudi dukani ukalitupa buibui kitandani na kukataa chai, nilidhani ni uchovu wa kukunja leso kutwa. Nduguyo mdogo ndiye aliyenambia kuwa yule mbeba marobota alikuuliza mbele ya wateja, "Siku zako zimekwisha?"

Habari hiyo aliipata kwa tajiri wako, na tajiri aliipata kwangu. Wewe ulisema huwezi kuja siku mbili, basi. Mimi nikajitia mama mwema, nikampigia simu nikamweleza yote, kuanzia tumbo la mwezi mpaka dawa unazomeza. Nilidhani mwanamke mwenzetu ataona huruma. Huruma akaiona, kisha akaipeleka kwa fundi wa cherehani na kwa vijana wa stoo, sijui hata kwa muuza kahawa wa pale Barabara ya Biashara. Nisamehe, mamangu.

Sasa sikiza. Tajiri ana haki ya kujua siku ambazo hutakuwepo, tena mapema, maana msimu wa harusi duka hujaa na mtu mmoja akikosekana wateja hujiondokea. Angekuwa anakulipa siku za ugonjwa, angeweza pia kukudai cheti cha daktari. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema hivyo, ila ni kwa aliyetimiza miezi miwili kazini mfululizo, nawe wafanya kibarua cha likizo tu. Lakini kinachouma ni wapi na tangu lini, hilo si la kutangazwa dukani. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 yamkinga kila mtu asidaiwe wala asianikwe mambo yake ya faragha pasipo haja. Hawakuandika "kila mtu mzima". Na sheria ya kulinda data ya 2019 yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Nilipokuwa dobi katika hoteli moja Pwani ya Kaskazini, msimamizi wetu alikuwa na daftari lililoning'inia msumarini, penseli imefungwa kwa uzi. Jina, tarehe, nani atakushikia zamu. Mahali pa kuandika sababu hapakuwapo. Aliyetangulia kuandika ndiye aliyepata, isipokuwa sikukuu: Idd wenzetu Wakristo walitushikia, Krismasi tukawashikia, na nani kamshikia nani ilionekana mlemle. Mwaka mmoja niliandika siku tatu, kwa jambo ambalo hata babako hakulijua mpaka baadaye sana. Msimamizi akatia "sawa" pembeni, akaendelea na mashuka yake. Sijamsahau.

Kwenu hakuna daftari. Mpwa wa tajiri amekosa Jumamosi tatu akicheza mpira Likoni, hakuulizwa neno. Wewe siku mbili, ambazo hata hukulipwa (hilo sina ugomvi nalo, kibarua hulipwa siku aliyofanya), umeambiwa huna moyo wa kazi, na Jumamosi zako kapewa mwengine. Hapo ndipo nilipokasirika, kuliko hata ile siri.

Siku nyengine mwandikie tajiri mwenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: "Naomba ruhusa Jumamosi na Jumapili, nina jambo langu. Mwenzangu amekubali kunishikia zamu." Akikuuliza jambo gani, rudia maneno yayo hayo kwa adabu. Wala usizue uongo. Nyanya yenu, Mungu ampe umri, ameshafariki mara mbili mwaka huu kwa kinywa cha kakako, na wiki jana bosi wake alikutana naye Marikiti akichagua nazi.

Jumatatu nataka kwenda kwa tajiri kabla hajafungua duka. Nimuulize habari ya Jumamosi zako, na nimwombe ayafunge yale niliyomfungulia mimi. Lakini safari hii sitoki mlangoni bila ruhusa yako. Ukitaka nikae, andika "kaa" nyuma ya karatasi hii. Kwa nini, sitakuuliza.

Mahamri yako chini ya kawa.

Mamako