Hewa chafu ya maji yetu imo chooni kuliko kwenye pampu

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Ndosho. Wasomaji wenzangu wengi wanaomba mapaneli ya jua kwa pampu za maji za Goma ili mji wetu nao upunguze hewa chafu inayopasha dunia joto. Mimi nayapenda mapaneli, na kuranti, yaani umeme, inapokatika foleni ya bidoni (madumu ya maji) ikiwa imefika barabarani, nayatamani kuliko mtu yeyote. Lakini ndimi ninayeshika daftari la maji la kartiye yetu, yaani mtaa wetu, na hesabu za daftari hilo zinanipeleka mahali pengine. Naomba nafasi nieleze.

Kila asubuhi mshika mashine wetu huchovya fimbo ndani ya pipa la mazutu, dizeli ya grupu letu, yaani jenereta. Ni fimbo ya mkaratusi aliyoichonga mwenyewe na kuitia alama kwa kisu, kila alama lita kumi. Huitoa, huitazama kwenye mwanga palipoishia unyevu, kisha husema: “Mama, andika mia moja arobaini.” Naandika. Halafu naandika namba ya kompteri (kipimo) ya umeme, namba ya kompteri ya maji yaliyotoka, na bidoni zilizouzwa. Safu nne tu. Kwa safu hizo unaujua moshi wa pampu wote bila kumngoja mtaalamu kutoka Kinshasa. Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, ile ile ya mazuku, mashimo ya gesi ya volkano, inayotuulia mbuzi mabondeni. Unazidisha, umemaliza.

Ukishazidisha unaona kwamba kuranti yenyewe siyo inayotuchafulia. Umeme wa Goma hutoka kwenye mito, Ruzizi na Matebe kule Rutshuru, na mashine zinazozungushwa na maji karibu hazina moshi. Meta moja ya ujazo ya maji ni bidoni 50. Kuipandisha kutoka ziwani hadi usawa wa uwanja wa ndege, mita 90 hivi juu ya Ziwa Kivu, pampu ya wastani hula karibu kilowati-saa 0.4. Ukiipandisha kwa grupu, kila kilowati-saa inataka lita 0.3 za mazutu, na zaidi kama mashine imezeeka, kwa hiyo meta ile ile hutoa gramu 300 na kitu za hewa ya ukaa. Basi wanaotaka kutuletea mapaneli waulize kwanza grupu huwaka saa ngapi na wapi. Paneli inayochukua nafasi ya grupu imeondoa moshi. Inayochukua nafasi ya umeme wa Matebe saa sita mchana imeondoa nini?

Halafu kuna maji yanayopotea. Mji wenye udongo, tiyo (bomba la maji) ikipasuka, watu wanaona tope na wanapiga kelele. Sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, mawe yenye matundu na nyufa. Maji yakivuja yanazama hapo hapo, na juu pakavu kabisa. Kwenye avenyu moja hapa kwetu ni daftari lililotuambia: kompteri ya pampu ilikuwa inapanda kila siku, na bidoni zilizouzwa zimebaki zile zile. Vijana wawili wakapita usiku, mji ukiwa umenyamaza, wanalala kifudifudi na kutega sikio juu ya mawe. Walisikia maji yanakwenda chini yao. Walipovunja mawe kwa nyundo na mtaimbo walikuta kiungo cha tiyo kimeachana upana wa kidole, na ufa wa mwamba unameza yote, hata tone halikusimama. Maji yale yalikuwa yamesukumwa kwa mazutu, yametiwa klorini, halafu yakarudi chini bila kufika kwenye midomo ya watu. Tulipomwomba aliyekuwa akitugawia maji wakati ule atupe namba za kompteri yake kubwa tulinganishe na zetu, tulijibiwa kwamba kioo chake kimevunjika na hakisomeki. Hilo liliniuma kuliko ile tiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, Bwana Mhariri, ambalo watu hawapendi kulisema mezani. Goma haina mtandao wa majitaka. Kila parsele, yaani kiwanja, ina fosi yake, tangi la chini la majitaka ya choo, au choo chake cha shimo, na kwa sababu mawe ni magumu mashimo hayaendi mbali, yanajaa mapema. Ndani yake, pasipo hewa, uchafu unaoza na kutoa methani. Methani tunaijua sisi kuliko watu wengi duniani: kilomita za ujazo zipatazo 60 zimeyeyuka ndani ya maji ya chini ya Kivu, na majirani zetu wa Rwanda wanaigeuza umeme kule Karongi, megawati 26 za KivuWatt. Ya ziwani tunaiogopa na kuihesabu. Ya uani hakuna anayeiandika popote.

Inaandikika. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, IPCC, lilitoa mwongozo wa hesabu hizi mwaka 2006 na kuuboresha 2019. Mtu mmoja barani Afrika huhesabiwa kutoa gramu 37 kwa siku za uchafu unaooza, wanaupima kwa oksijeni inayohitajika kuuozesha. Ukiingia kwenye fosi septiki, kwa mwaka unazaa karibu kilo 4 za methani kwa kila mtu. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 27 hivi za hewa ya ukaa kwa miaka 100. Zidisha tena: kama kilo 110 kwa kila kichwa. Na yule mtu mmoja anayetumia bidoni moja ya maji kwa siku, hata kama maji yake yote yanapandishwa kwa grupu, pampu inamhesabia kilo mbili na nusu kwa mwaka. Choo cha shimo kikavu cha familia ndogo ni nafuu sana, kilo 22 hivi, lakini hata hicho kinaipita pampu mbali. Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi kwa kalamu ya risasi kwa sababu sikuiamini.

Kwa hiyo anayesema amepima hewa chafu ya maji ya mji na amepima pampu peke yake, amepima ukucha akaacha mwili. Anayeuza maji lazima ahesabu na pale maji yanapokwenda. Na kazi hiyo haitaki mamilioni. GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, na shirika la kimataifa la wataalamu wa maji, IWA, walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo ECAM, ya bure, ambayo inapokea namba kama zile za daftari langu, ikaongeza za majitaka, ikakuonyesha penye uzito. Ilianzia kazi katika mashirika ya maji ya Peru, Meksiko, Yordani na Thailandi. Peru nako kuna milima na mitaa ya maskini, siyo nchi ya mbinguni.

Tufanye nini na methani hiyo? Fosi isiachwe miaka na miaka. Tope likikaa sana ndipo gesi inapozidi. Likitolewa lisimwagwe kwenye mtaro unaoshuka ziwani, tunakochota maji. Penye watu wengi pamoja, shule za bweni, masoko, gereza, tope lifungiwe ndani ya tangi na gesi yake ipikiwe. Kilo moja ya methani ikiungua inatoa kilo 2.75 za hewa ya ukaa badala ya kuruka ikiwa na nguvu ya 27, na kila sufuria inayochemka kwa gesi hiyo ni makala, yaani makaa, ambayo hayakukatwa kwenye msitu wa Virunga. Kampala wanafanya hivyo kwa ukubwa: kwenye kituo cha majitaka cha Bugolobi gesi ya tope inazalisha umeme. Kampala siyo Ulaya. Basi za huko tunazifahamu.

Najua kuna atakayeniambia, mama, watu wanakufa kwa kipindupindu na wewe unahesabu gesi. Mimi pia nimebeba wagonjwa. Januari 2025, umeme na maji vilipokatika mjini, tuliwaona watu wanateremka ziwani na bidoni, watoto wanachota pale pale watu wanapofulia. Ni tope lile lile. Fosi inayotoa methani leo ndiyo inayofurika mvua ikinyesha na kuleta kuhara kesho. Atakayeitoa kwa sababu ya gesi amemwokoa mtoto pia, na atakayeitoa kwa sababu ya mtoto sitamuuliza kuhusu gesi.

Ninachoomba kwa wote wanaogawa maji mjini, wa serikali, wa binafsi na kamati kama yetu, ni hiki. Kila mwisho wa mwezi wabandike kwenye bomba karatasi moja: lita za mazutu, kilowati-saa, meta za maji zilizotoka, meta zilizofika kwa watu. Na wenye malori ya kunyonya fosi waandike kila safari wametoa wapi, kiasi gani, na wamemwaga wapi. Ofisi ya kartiye ikusanye karatasi hizo. Kompteri zilizovunjika vioo zibadilishwe kabla ya paneli ya kwanza kupanda juu ya paa. Sisi wa Ndosho karatasi yetu tutaibandika mwezi huu, na kamati ya kartiye nyingine ikitaka kuiga mistari ya daftari, ije na kalamu yake, tutawaonyesha.

Katibu wa kamati ya maji,
Ndosho, Goma