Mkiandika habari za kambi tuambieni na maji yanajaa saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Nasoma sana kurasa zenu za utalii wa ndani na kwa kweli hongereni, maana zamani mtu wa Moshi akisema anaenda kulala kwenye hema watu walijua kapata kazi ya upagazi mlimani. Saivi wanakwaya, vijana wa ofisini, familia na watoto wao wanachanga wanakodi Noah au Kosta wanashuka Pangani au wanapanda Lushoto, safi kabisa. Shida yangu ni kwamba kila mkiandika kuhusu kambi mnatupa kiingilio na picha ya machweo basi, na hayo hata Instagram yapo. Kitu kinachofanya mtu alale vizuri au akeshe amekaa ndani ya gari hamkigusi.

Nianze na pwani. Sisi watu wa bara tukifika saa tisa mchana tukaona ufukwe mpana mweupe tunasema hapa hapa, tena sogeza karibu tusikie mawimbi. Jamani bahari ile inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, toka kupwa mpaka kujaa ni masaa 6 na kidogo, kwa hiyo pale ulipokuta pakavu saa tisa mchana ikifika saa tatu usiku pana maji, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50 hivyo ya jana huwezi kuitegemea kesho. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa pwani ya Tanga inapita mita 3, na siku za mwezi mpevu ndio hizo hizo watu wanazitafuta kwa ajili ya mbalamwezi! Angalia mchangani utaona mstari wa mwani mkavu na vijiti na makombe, maji ya mwisho yaliishia hapo, sasa hema likae juu yake tena mbali, sio pembeni, maana kama bamvua bado inakuja maji ya kesho yatapanda zaidi ya ya leo. Anayedhani natia chumvi akaangalie kisiwa cha Maziwe, Pangani. Kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanataga pale, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na safari za boti kwenda huko zinapangwa kwa saa za maji sio kwa saa zako wewe.

Halafu mnazi. Hizo picha zote hema liko chini ya mnazi, mimi nikiziona nashika kichwa. Nazi haipigi hodi, na kuti kavu nalo sio mzaha. Kaa chini ya mvinje. Vigingi vifupi vinavyokuja na hema navyo havishiki mchangani, na Julai Agosti upepo wa kusi unavuma kweli, kwa hiyo beba viroba vitupu, jaza mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kiroba ukifukie, hapo haling'oki. Slipingi begi nene acha nyumbani, shuka na kanga vinatosha, ila neti ya hema iwe nzima na zipu ifungwe kabla giza halijaingia kwa sababu pwani malaria iko juu kuliko huku kwetu mlimani, mwenye mtoto mdogo asilichukulie poa hili. Maji ya kunywa nunueni njiani, visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi na chai yake ni adhabu.

Msituni mambo yanageuka kabisa, na hapa ndio watu wanabeba vitu vile vile walivyobeba Pangani wanaumia. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Moshi mjini tuko mita 800 na ushee, msitu wa Magamba pale juu ya Lushoto unapita mita 2,000, sasa mtu wa Majengo anayesema baridi mimi nimezaliwa nayo asubiri usiku wa Julai kule. Baridi ya kwanza inatoka chini, ardhini, kwa hiyo kabla ya kununua blanketi la tatu tafuta godoro la kutandika au hata majani makavu chini ya turubai. Usiweke hema bondeni kwa vile umeona kijito kizuri, hewa ya baridi inatelemka inalala pale pale, panda juu kidogo. Inua macho uangalie kama kuna tawi lililokufa juu yako, kisha angalia chini kama siafu wana njia yao hapo, wakishapita usiku hamna mjadala mnahama nyinyi. Amani, ile ya juu ya Muheza, sio baridi kama Magamba lakini mvua haina adabu, hema la kitambaa kimoja halifai kule.

Na hili naomba mliandike kwa herufi kubwa. Watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ya hema eti wapate joto. Moshi hauonekani, harufu hamna, mkaa umeshakolea mwekundu mzuri, kumbe ndio unatoa ile hewa ya sumu na mtu aliyelala hashtuki anaondoka hivyo hivyo. Hata ukiacha dirisha la hema wazi, usifanye. Jiko lolote, la mkaa au la gesi, linabaki nje. Mtungi mdogo wa gesi ubebe wa kupikia, kwenye misitu ya hifadhi kukata kuni ni kosa na kuni zenyewe zimelowa.

Kwenye hifadhi za taifa kama Saadani au hapa Arusha kwenye maziwa ya Momella kuna jambo madereva wa utalii wanalijua ila raia wa kawaida hatuambiwi. Kambi ziko za kawaida na spesho, mtu anaona spesho ni ghali zaidi anasema hiyo ndio ya kifahari, analipia, anafika anakuta kiwanja na miti. Unacholipia ni kukaa peke yenu, choo na maji na jiko mara nyingi viko kwenye ile ya kawaida. Na keshi getini hawapokei, omba kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini kwa simu au benki, mapema mkiwa bado na mtandao. Uzio hamna, vyakula vyote vifungiwe kwenye gari, nyani na tumbili zipu wanaijua.

Ambaye hajawahi kabisa aanzie ziwa Duluti pale Tengeru, msitu upo, maji yapo, ukishindwa saa sita usiku unaita boda unarudi kwako.

Sasa ombi langu Mhariri. Waandishi wenu wakienda kambini waulize maji yanatoka wapi na kama yapo mwaka mzima, maana iko kambi moja sitaitaja iliyotuhakikishia kwenye simu bomba linatoka muda wote na tulipofika tukaoneshwa ndoo na njia ya kwenda mtoni. Waulize vyoo viko vingapi, barabara inapitika na gari gani mvua ikinyesha, hospitali ya karibu ni ipi. Na gazeti la Ijumaa kabla ya sikukuu toeni saa za maji kujaa na kupwa za Tanga, ratiba hizo zipo, nafasi yake haizidi ya tangazo moja la mganga wa kienyeji.

Tena mtusaidie kwenye tarehe. Kila mwaka mnachapa kambi za kwenda Pasaka, na Pasaka inaangukia masika, barabara ya kupanda Amani inakuwa tope na pwani mnalala na mvua. Desemba nayo kwetu Wachagga mnajua wenyewe tuko migombani na wazee hatuendi popote. Zichapeni Juni, watu wapange Saba Saba na Nane Nane.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi