Jipya lipo, nilikudanganya

Shoga yangu,

Habari za Dar na wanao? Sisi huku wazima, ni jua tu ndio linatumaliza. Juzi uliponipigia ukaniuliza kuna jipya gani Dodoma nikakujibu hamna, vumbi na jua tu, afu nilipokata simu roho ikanisuta kweli, nikasema huyu mtu nimemdanganya. Ndio maana naandika.

Oktoba ya huku unaijua ila nadhani umeshaisahau. Mwezi huu jua linatupita juu kabisa, ukisimama uani saa sita na nusu mchana kivuli chako chote unakikanyaga mwenyewe. Nguo naanika, namaliza kusuuza beseni la pili narudi la kwanza limeshakauka limekuwa gumu kama karatasi. Maji ya kwenye simtanki mchana hayaogeki, yanachoma. Lakini sio lile joto lenu la jasho mwaya, letu kavu, na jua likishazama tu upepo unakuja na kufika alfajiri unavuta shuka, hilo najua umelimiss.

Na maji yenyewe mtaani kwetu yanakuja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane. Nakuwa nimelala nasikia bomba la uani linaanza kukohoa, linatoa upepo kwanza, linanyamaza, linakohoa tena, afu ghafla maji yanapiga kwenye ndoo tupu. Naruka kitandani hata kandambili sivai. Nikishajaza madumu yote na pipa nabaki nimesimama palepale nimeweka miguu chini ya bomba, saa nane ya usiku, maji ya baridi yanapita katikati ya vidole, na wallahi kwa hizo dakika tano sitaki kitu kingine chochote duniani.

Siku hizi navyovitamani ni vitu vidogo hivyohivyo. Natamani wingu moja tu lije likae juu ya bati letu kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Natamani kisulisuli kisipite siku nimefua mashuka meupe, ingawa watoto wao wanakiombea kije, wanakikimbilia wakaingie katikati, wanatoka nywele nyekundu tupu. Na zabibu! Zile za msimu wa Agosti zimeisha, nilipata kichala cha mwishomwisho kwa kijana mmoja barabarani, kina vumbi, punje nyingine zimeshaanza kusinyaa, ila hizo zilizosinyaa ndio zilikuwa tamu mpaka nikafumba macho. Nilikula nikiwa nimesimama, sikubakisha hata ya mtoto, na nikikumbuka bado nazitaka.

Sasa jipya lenyewe hili hapa. Unaukumbuka ule mbuyu wa nyuma ya kwa bibi jirani, yule anayenisalimia "mbukwa" hata nikipita mara kumi kwa siku? Umetoa maua. Miaka yote nimekaa hapa ubuyu nakula, barafu za ubuyu nawanunulia watoto kila siku, na sijawahi kuliona ua lake likifunguka, si linafunguka giza likianza kuingia, saa ambayo mimi niko jikoni. Alhamisi bibi akaniita, njoo na stuli yako, acha hiyo sufuria. Tukakaa. Kitumba kinaning'inia kwenye kikonyo kirefu, kikubwa kama limao, kijani. Mwanzo hamna kitu. Afu ganda likapasuka, likaanza kujikunja kurudi nyuma, taratibu lakini unaliona kwa macho yako, na ndani petali nyeupe zimekunjamana kama kitambaa kilichotolewa begini, zikaanza kujinyoosha, na katikati kikashuka kitu kama brashi ya kujipakia poda. Harufu yake sio nzuri, nisikudanganye tena, ila popo wanaipenda, walianza kuja hata kabla hatujanyanyuka. Bibi hakusema neno, na mimi sikusema, ugali wangu uliungua na sijali.

Asubuhi nikaenda kuliangalia nikalikuta liko chini, limeshageuka rangi ya chai. Ni usiku mmoja tu. Nikachutama pale nikaliokota, nikakuwaza wewe hapohapo, maana wewe ndio mtu ambaye angekubali kuacha sufuria jikoni akakae na mimi nusu saa kuangalia kitu kama kile.

Kwa hiyo njoo. Sasa hivi treni ya umeme ipo, unapanda asubuhi mchana uko kwangu tunakula mlenda na ugali wa uwele. Usingoje likizo ya Desemba, Desemba tutakuwa tunaongelea mvua. Leo jioni nimepita pale chini nikahesabu vitumba vya matawi ya chini, vimebaki kumi na moja.

Wako,
mama mapacha