Mwanangu, ondokeni kumekucha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana nimeuona. Unasema Ijumaa utatoka kazini saa 11 jioni, mpakie mizigo, muingie barabarani saa 2 usiku ili mtufikie alfajiri. Habari ya kuja imenifurahisha sana. Hiyo saa 2 usiku ndiyo iliyoninyima usingizi, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia, maana kwenye simu ungenijibu "sawa, Baba" na tungeishia hapo.

Chukua kalamu tuhesabu. Ijumaa utaamka saa 11 alfajiri kama siku zote za kazi. Ikifika saa 4 usiku, ndiyo kwanza mmeenda saa mbili barabarani, wewe utakuwa umekaa macho muda wa saa 17. Waliopima madereva wamekuta kwamba mtu aliyefikia hapo huendesha vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Saa 11 alfajiri, mkiwa mnaanza kuiona njia ya nyumbani, utakuwa umetimiza saa 24, na hapo hesabu inapanda hadi 0.10. Hujawahi kugusa pombe maishani mwako, na hilo mimi hulitaja kwa watu bila kuulizwa. Sasa mbona unataka kuniletea wajukuu ukiwa katika hali ya mlevi?

Kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi mwili wa binadamu unadai kulala, uwe hodari namna gani. Hauombi ruhusa. Macho yanaweza kubaki wazi huku akili imezima kwa sekunde 3 au 4, na mwenyewe usijue. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde 4 ni mita 111. Huo ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, gari likienda lenyewe, na watoto wako wamelala nyuma.

Usinijibu kwamba utafungua dirisha na kuongeza redio. Upepo na kelele vinakuchangamsha dakika chache, kisha usingizi unarudi palepale ulipokuwa. Kahawa inasaidia, ila nayo huchukua kama nusu saa kabla ya kufanya kazi. Ukizidiwa, simama mahali salama nje ya barabara, unywe kikombe kimoja, halafu papo hapo ulaze kiti ulale dakika 15 hadi 20. Usizidishe, utaamka mzito kuliko ulivyolala. Ukiamka ndipo kahawa inaanza kufanya kazi. Hata hivyo hapo umepata saa moja au mbili tu. Usiku mzima wa usingizi haufidiwi kwa kikombe.

Na usingoje kichwa kianguke ndipo ukubali kwamba umechoka. Ukipiga miayo mfululizo, ukijikuta umekanyaga mstari, mshale wa mwendo ukipanda na kushuka bila sababu, au ukijaribu kukumbuka kilomita tano zilizopita usione kitu, umeshachelewa kusimama.

Utasema wewe si mtu wa kusimamasimama njiani. Najua. Tabia hiyo hukuiokota kwa marafiki, uliikuta kwenye gari la nyumbani, na aliyekuwa ameshika usukani hakuwa mtu wa kuambiwa pumzika. Ya usiku ule sina haja ya kuyarudia, ulikuwa umekaa nyuma na unayakumbuka kuliko mimi. Ndiyo maana nakuomba.

Fanyeni hivi. Mizigo ifungwe Alhamisi usiku, ikae mlangoni. Ijumaa ukitoka kazini kazi yako ni kula na kulala, saa 3 usiku taa zizimwe. Jumamosi saa 12 asubuhi mnatoka. Kwa kilomita 640, mkienda wastani wa 70 kwa saa, ni saa 9 na dakika chache za kuendesha. Simama kila baada ya saa mbili, robo saa, watu wote washuke na kunyoosha miguu. Mchana kaeni dakika 45 mle. Baada ya hapo ukabidhi usukani kwa mkamwana wangu, maana kati ya saa 8 na saa 10 mchana usingizi hurudi tena, hasa tumbo likiwa limeshiba. Anaendesha kwa utulivu kuliko wewe, na nimekwambia hilo zaidi ya mara moja. Wakati wa zamu yake wewe ulale, mkanda ukiwa umefungwa. Msikeshe wote wawili mkipiga soga. Kwa mpango huo saa 11 jioni mko getini, jua bado lipo.

Gari nalo. Tairi zipimwe upepo asubuhi kabla hamjatembea, zikiwa baridi. Zikishapata moto kipimo kinasoma juu na utadhani upepo unatosha. Kwenye fremu ya mlango wa dereva pana kibandiko chenye vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lililojaa. Nyinyi fuateni cha pili. Tairi yenye upepo mdogo chini ya mzigo hujikunja kila inapozunguka, ubavu unapata joto, na mwisho wake ni kupasuka katikati ya safari. Soma pia tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usinunue tairi "mpya" bila kuangalia hapo. Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa imepoa, usifungue kifuniko ikiwa ya moto. Jeki na spana ya nati za magurudumu zisiwe chini ya mizigo yote, maana pancha hutokea pale usipotaka kushusha kila kitu.

Vitu vizito viwe chini kabisa kwenye buti, vimeegemea mgongo wa kiti. Juu ya keria weka vyepesi tu, na kitabu cha gari kitakuambia mwisho wake ni kilo ngapi. Yale magodoro mawili mnayokuja nayo hushika upepo kama tanga. Yafunge kwa mikanda, si kamba ya katani, na kila mkanda uupe msokoto mmoja kabla ya kuukaza ili usivume njia nzima. Mkishaenda kilomita 20, simama uikaze tena, lazima itakuwa imelegea. Ukipakia nyuma pua ya gari huinuka na taa zako zinawapiga wengine machoni, kwa hiyo kile kiswichi cha kushusha taa kitumike kama giza litawakuta. Lakini giza lisiwakute. Taa za chini zinamulika mita 50 hadi 60 hivi, na kwa mwendo wa 80 kwa saa unahitaji karibu mita 70 kusimama kwenye lami kavu. Utaona kitu wakati huna tena nafasi ya kukikwepa.

Sasa watoto. Mara ya mwisho mdogo aliingia hapa getini akiwa magotini mwa mama yake, nami nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Sikupaswa kunyamaza. Gari likigonga kwenye mwendo wa 50, mtoto wa kilo 10 huvuta mara 20 hadi 30 ya uzito wake. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika. Aketi kwenye kiti chake, nyuma, akitazama nyuma, na kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Huyu wa miaka 7 bado ni mfupi, apewe kiti cha kumwinua mpaka afike kati ya sentimita 135 na 150, ili mkanda upite begani na kwenye mifupa ya nyonga badala ya shingoni na tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua wengi zaidi. Nilipolisoma hilo nilimfikiria yeye.

Akianza kutapika njiani kama kawaida yake, mnyang'anye simu, atazame mbali mbele, ale kidogo kidogo. Dawa za kichefuchefu cha safari, na nyingi za mafua, huleta usingizi. Nyinyi wawili msizinywe siku hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulifikiria. Bibi yako huwa na nguvu asubuhi. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 anakumbuka majina yote, anauliza, anacheka. Mchana anachoka na masikio yanakuwa mazito. Ukiendesha usiku kucha, asubuhi hiyo utalala, jioni atakuwa amelala yeye, na siku moja kati ya tano mlizonazo imekwenda. Njoo umepumzika ukae naye. Upande wa kulia ndio anaosikia. Ile bahasha ya picha za zamani ipo mezani kwangu, mwulize ni nani na nani, uandike nyuma ya picha kwa penseli laini, karibu na ukingo. Kalamu ya wino hupenya ikachafua sura. Ukitaka kumrekodi, zima feni, weka simu karibu naye mezani, na usizidishe nusu saa.

Huku tutakuwa watu 23. Nimehesabu maji kwa lita 40 kila mtu, ni lita 920 kwa siku, na tanki ni la lita 2,000, kwa hiyo lijazwe kila siku ya pili na watoto wasichezee bomba. Nyinyi mtalala chumba cha nyuma na watoto wenu. Shangazi yako atalala na bibi kwa sababu ndiye anayejua dawa zake. Dawa hizo nimezihamishia kabati la juu lenye kufuli, maana vidonge vya presha mtoto huviona peremende. Wewe na mkamwana wangu fanyeni vivyo hivyo na zenu, zisibaki kwenye mkoba sakafuni. Kama kati ya watoto kuna mwenye kikohozi, nijulishe mapema. Binti wa mjomba wako anakuja na kichanga cha wiki tano, na itabidi asibebwe na mtu mwenye mafua.

Mjomba wako naye amekubali kuja. Usilianzishe lile suala siku ya kwanza watu wakiwa wamechoka. Una haki katika mengi, nami ningepaswa kulisema hilo mapema mbele yake. Tutalizungumza siku ya tatu, sisi watatu, nje, asubuhi.

Leteni shuka zenu, tochi, na waya wa kuongeza soketi, kwa sababu chumba cha nyuma kina tundu moja tu. Mlango wa choo cha nje nimebadilisha bawaba, haukwami tena.

Nijibu kwa neno moja tu: Jumamosi saa 12 asubuhi. Nitaliona na nitalala. Geti litakuwa wazi kuanzia saa 9 alasiri, na mkichelewa kwa sababu mmesimama kupumzika, hakuna atakayewauliza.

Baba yako

Nimesahau: tairi la akiba nalo lipimwe upepo.