Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mifugo: waraka wako umesema "wote"

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu, na hongera kwa waraka wa wiki iliyopita. Ni mfupi na unasomeka vizuri. Unaagiza ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wachanjwe dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na kuua mifugo na watu, kabla ya mvua za vuli. Hilo neno "wote" ndilo lililotutoa ofisini na kutuleta hadharani, maana barua tatu tulizokuletea kwa njia za kawaida hazikupata hata muhuri wa "imepokelewa".

Chanjo mliyotuletea ni Smithburn. Kirusi chake kilitolewa kwa mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, mwaka 1944, kikapitishwa tena na tena katika ubongo wa panya hadi makali yake yakapungua. Yalipungua, Mheshimiwa, hayakwisha. Dozi moja inampa mnyama kinga ya muda mrefu, na kwa hilo tunaiheshimu. Lakini kondoo mwenye mimba anaweza kuitupa, au akazaa mtoto mwenye kasoro.

Utasema wenye mimba watengwe. Kwa wafugaji tunaowahudumia madume hukaa na majike mwaka mzima. Mimba ya kondoo ni siku 150 hivi, na katika wiki zile za mwanzo, kiumbe kinapofanyika viungo na hatari ya kasoro ni kubwa, hakuna jicho linaloiona. Mchanjaji aliyesimama kwenye zizi la miba lenye kondoo 400 atamtenga yupi? Anachanja wote, kama waraka ulivyoagiza. Baadaye mimba zinaanguka, na mfugaji anaapa kwamba serikali ndiyo iliyomletea ugonjwa. Ukirudi msimu unaofuata unaambiwa mifugo imehamia malisho ya mbali.

Uliahidi mbele ya wafugaji haohao kwamba chanjo salama iko njiani. Tunaomba kujua imekwama kituo gani, kwa sababu maabara hazikulala. Kirusi hiki kina vipande vitatu vya RNA, yaani maandishi ya urithi wake. Katika kile kidogo kuna jeni iitwayo NSs, na protini yake ndiyo inayozima interferoni, yaani kengele ya kwanza ya mwili. Smithburn bado inayo jeni hiyo. Udhaifu wake umetokana na mabadiliko madogo madogo ya herufi, na herufi iliyobadilika inaweza kurudi ilivyokuwa. Kipande kilichokatwa hakioti tena. Ndiyo maana watu walifurahia chanjo iitwayo Clone 13, iliyopoteza karibu asilimia 70 ya NSs, na Afrika Kusini ikaisajili mwaka 2010. Hatutakuficha: kondoo wenye mimba changa walipopewa dozi kubwa kupita kawaida, hata hiyo ilivuka kondo la nyuma. Kukata mahali pamoja hakukutosha.

Wabunifu wakaendelea. Wapo walioondoa NSs pamoja na jeni nyingine, NSm. Wapo waliokigawa kipande cha ukubwa wa kati mara mbili, kirusi kikabaki na vipande vinne na bila NSs, na kondoo wenye mimba wakakistahimili. Nayo chanjo ya ChAdOx1 RVF haibebi kirusi kizima cha homa hii hata kidogo. Ni kirusi kingine, adenovirusi ya sokwe isiyoweza kuzaliana mwilini, iliyopachikwa jeni za protini mbili za ganda la kirusi cha homa hii, Gn na Gc. Kondoo na mbuzi wenye mimba waliipokea salama, na watu wameshajaribiwa Uingereza na Uganda. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutoka shamba la kondoo karibu na ziwa Naivasha. Sisi ndio wenyeji wake, lakini kwenye foleni ya chanjo tuko mkiani. Tunakisia ni bei, au ni zabuni. Kama kuna sababu nyingine, tuambie.

Kuna na suala la soko. Baada ya mlipuko wa mwaka 2000 Saudia na Yemen, wanyama wa Pembe ya Afrika walifungiwa bandari kwa miaka. Mnyama aliyechanjwa Smithburn, kwenye kipimo cha kingamwili, hatofautiki na aliyeugua. Chanjo isiyo na NSs inafungua mlango wa kuwatofautisha, kwa kuwa aliyeugua anaweza kuwa na kingamwili za NSs, aliyechanjwa hana. Sidhani kama wafanyabiashara wa mbuzi wamewahi kuelezwa hili.

Halafu wakati. Msimu wa 2006 hadi 2007 chanjo zilianza Kenya mwezi Januari, watu wakiwa tayari wanakufa. Wagonjwa 684 walihesabiwa nchini humo. Ukichanja katikati ya mlipuko, unamchoma mnyama ambaye damu yake imejaa virusi bila yeye kuonyesha dalili, kisha sindano ileile unaipeleka kwa wa pili na wa tatu. Hapo mchanjaji anafanya kazi ya mbu, tena kwa kasi. Na chanjo hai, yaani yenye kirusi kilicho hai kama Smithburn, ikikutana na kirusi cha porini ndani ya mnyama mmoja, virusi hivyo vinaweza kubadilishana vipande.

Kwa hiyo tunaomba chanjo mpya. Kama haiwezekani msimu huu, ruhusu majaribio ya shambani. Kama hata hayo ni mazito, futa neno "wote" na uandike kwamba majike yaliyokaa na dume yapewe chanjo ambayo kirusi chake kimeuawa, dozi mbili na ya kukumbushia kila mwaka. Ni ghali, tunajua.

Na kama yote hayo yanasubiri kikao, basi jambo moja. Kasha tulilopokea lina vichupa vya dozi 100 kila kimoja, barafu ya kutosha, na pakiti moja ya sindano. Kuzitia spiriti kati ya mnyama na mnyama haifai, kwa sababu masalia ya spiriti yanaua chanjo hai. Kuzichemsha zizini, unga wa chanjo ukishachanganywa na saa zikihesabika, wewe mwenyewe hungeweza. Tuletee sindano, Mheshimiwa. Kila mnyama na yake. Mvua haijaanza bado.

Wako katika utumishi,
Madaktari na wachanjaji wa mifugo, nyanda kame