Mpeni mgeni nusu siku ya Arusha mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaotembeza wageni Arusha, pamoja na kila mkazi atakayepokea ndugu kutoka Dar, Mwanza au Mbeya na kuulizwa, "Hivi hapa mjini kuna nini cha kuona?" Jibu tulilolizoea ni kumpitisha mgeni Mnara wa Saa, apige picha, alale, na alfajiri apande gari la Ngorongoro. Mji lilikopitishwa Azimio la Arusha la ujamaa na kujitegemea, uliozika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki ukazaa nyingine, umegeuzwa bweni. Nusu siku kwa miguu inatosha kuurudishia heshima yake, ila ipangwe vizuri, maana wengi wetu tunaanza pasipofaa na kulisha wageni saa mbaya.

Huo Mnara wa Saa wenyewe tunausimulia vibaya. Mgeni huambiwa amesimama katikati kabisa ya njia ya Cape Town na Cairo. Chukua ramani. Cape Town iko karibu nyuzi 34 kusini ya ikweta, Cairo nyuzi 30 kaskazini, na miji yote miwili iko magharibi ya Arusha. Mstari ulionyooka kati yake unapita Kongo, na nusu yake inaangukia zaidi ya kilomita 1,000 magharibi ya mnara wetu. Simulizi hiyo ina mizizi kwenye ndoto ya Waingereza ya kuunganisha Cape na Cairo kupitia makoloni yao. Isimulie hivyo, kama ndoto ya wakoloni. Itanoga zaidi, na mgeni mwenye simu mkononi hatakuumbua.

Siku ianze na mtori, na uliwe kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Mtori mzuri huanza na mifupa yenye nyama, inachemshwa mpaka nyama inaachia. Ndizi mshare mbichi humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande vidoleni, zikatumbukizwa majini zisibadilike rangi, halafu zikaivia ndani ya supu ileile ndipo zikapondwa kwa mwiko. Sufuria ikikaa jikoni mpaka saa nne au saa tano, mtori unakuwa mzito, mpishi anaulegeza kwa maji ya moto, na ladha ya mfupa inakwenda zake. Mgeni anayeletwa saa hiyo husema mtori hauna ladha, na kwa bakuli alilopewa hakosei. Muulize mama wa jikoni swali moja tu: "Umeongeza maji?" Akicheka, agiza chapati na supu.

Kutoka hapo nenda Kaloleni, Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge. Hapa ndipo pa kuanzia, si Mnara wa Saa, kwa sababu mbili. Barabara kutoka hapa inakupeleka Boma na baadaye inateremka kuelekea katikati ya mji, kwa hiyo mzee au mtoto hapandi mlima jua likiwa kali. Pili, asiyejua Azimio ataiona Arusha yote kama mji wa hoteli. Wengi hudhani Azimio liliandikwa tarehe 5 Februari 1967. Hiyo ni tarehe ya kutangazwa. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati ule, ilikaa hapa Arusha tangu tarehe 26 hadi 29 Januari, na siku moja baada ya tangazo, benki zikataifishwa. Mweleze mgeni kijana masharti ya uongozi yaliyokuwemo: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwache mwenyewe alinganishe na anayoyaona leo. Saa moja inatosha humo ndani.

Jirani ni Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Hakuna haja ya kuingia, lakini ni aibu kupita bila kumwambia mgeni kwamba jina hilo ni la mshairi, mtu aliyewaandikia Waswahili kanuni za kutunga mashairi, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Sijui ni viwanja vingapi vya mpira duniani vimepewa jina la mshairi.

Fuata Barabara ya Makongoro kuelekea mashariki, kama robo saa kwa mwendo wa kawaida, utafika Boma la Wajerumani ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia. Wageni wengi hupelekwa kuona wanyama na mabaki ya binadamu wa kale, na ni sawa, kwani anayekwenda Olduvai kesho yake ataelewa zaidi akipita hapa kwanza. Mueleze nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, na fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Lakini kuta zenyewe msiziruke. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru, na Wajerumani wakalipiza kwa kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Boma hili lililojengwa mwaka 1900 lilinyanyuliwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Tarehe 2 Machi mwaka huohuo, viongozi 19 wa Uchaga, Meru na Arusha, Mangi Meli akiwa mmoja wao, walinyongwa Moshi. Mgeni akisikia hayo akiwa amesimama uani, hatalisahau Boma kwa haraka.

Wakazi mkumbuke vitambulisho. Kiingilio cha Mtanzania katika makumbusho haya ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, lakini mlangoni hawaangalii lafudhi. Kila mwenye kitambulisho akibebe, na watoto wa shule wavae sare au wabebe barua.

Nyuma ya Boma kuna AICC, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha. Watu huliona kama jengo la mikutano tu. Lilijengwa miaka ya 1970 liwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977 na jengo likabaki kama suti ya bwana harusi aliyeachwa. Sehemu zake tatu zinaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Humo ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mkataba wa amani wa Rwanda wa Agosti 1993 ulisainiwa Arusha. Wa Burundi wa Agosti 2000 nao Arusha. Na mwaka 1999 viongozi walirudi hapahapa kusaini mkataba wa kuifufua Jumuiya. Mwonyesheni mgeni jengo kwa nje na mwelezeni hayo. Ndani kuna ofisi za watu wanaofanya kazi, na kabla ya kupiga picha mwulize mlinzi. Anayetoa kamera kimyakimya ndiye anayepotezewa nusu saa getini.

Kutoka Boma hadi Mnara wa Saa ni dakika kumi hivi za mteremko kwa Barabara ya Boma. Mpige picha, msimulie ile ndoto ya wakoloni, na msikae. Hapo ndipo vijana wa batiki na bangili wanapomzingira mgeni, na kosa la kawaida ni kuuliza bei ya kitu usichokitaka. Ukishataja bei umefungua duka, na utasindikizwa mpaka sokoni. "Asante, leo sinunui" inatosha, kwa uso mkunjufu, bila kusimama. Tanzanaiti ya mfukoni msiiguse kabisa. Jiwe lisilo na risiti ya mfanyabiashara mwenye leseni litamletea mgeni matatizo uwanja wa ndege, hata kama ni la kweli, na mara nyingi silo.

Shikeni Barabara ya Sokoine kuelekea Soko Kuu. Jina hilo nalo lina mtu nyuma yake: Edward Sokoine wa Monduli, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Sokoni mkoba ukae mbele, simu isikae mfuko wa nyuma, na kila picha ya mama muuza mboga iombwe. Atakubali haraka zaidi ukiwa umenunua parachichi. Kahawa ya kwenda nayo nyumbani nunueni punje nzima zilizokaangwa. Ya unga iliyokaa wazi kwenye sinia imeshatoa harufu yake yote hewani. Ya kunywa papo hapo ni ya muuza kahawa mwenye birika juu ya jiko la mkaa, chungu, kikombe kidogo, na kashata ya karanga pembeni. Acheni tone la mwisho kikombeni, ni machicha.

Mchana mnao uchaguzi. Kwa mama lishe kuna makande, na mkibahatika, loshoro ya Waarusha na Wameru: mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa mpaka yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando. Ni chakula cha baridi na kichachu, basi mgeni aonje kijiko kabla ya kuagiza bakuli.

Nyama choma ndiyo inayoharibiwa zaidi, na anayeiharibu mara nyingi ni mteja. Wageni wanafika wakiwa na njaa, wanaagiza, baada ya dakika 20 wanaanza kulalamika, na mchomaji anaichemsha kwanza ili iwahi. Nyama ya hivyo inaiva upesi, lakini mafuta yote yamebaki sufuriani na mdomoni inafika kavu. Mbuzi wa kweli anataka dakika 45 mpaka saa nzima juu ya mkaa usio na mwali. Agizeni mapema, kwa simu ikiwezekana. Hesabu ni nusu kilo kwa mtu ikiwa na mfupa, ipimwe mbele yenu ikiwa mbichi. Paja kwa wanaopenda mnofu, mbavu kwa wanaojua kula. Chumvi ije pembeni, kwa sababu ikiwekwa mwanzoni inavuta maji ya nyama. Chipsi mayai zipo kila kona na sina la kuzisemea, ila mtazame rangi ya mafuta kwenye karai.

Nimeacha la mwisho kwa wenye hoteli. Wageni wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mchana hufika mjini kama saa nane, na safari yao ni kesho asubuhi. Muda huo wote wanakaa bustanini wakiangalia simu. Njia ileile inawezekana: saa nane na nusu Kaloleni, saa kumi Boma, saa kumi na moja Mnara wa Saa, kisha kahawa. Soko liachwe, maana jioni msongamano ni mkubwa. Jioni wapelekeni Mtaa wa Msikiti, kwenye kuku wa Khan's, duka la vipuri vya magari ambalo giza likiingia hugeuka jiko la mkaa. Juni hadi Agosti wabebe sweta, kwani Arusha iko kwenye mita kama 1,400 na upepo wa Meru hauna adabu. Kurudi hotelini wapande teksi, bei ikubaliwe kabla mlango haujafungwa.

Mtembeza wageni,
Kaloleni, Arusha