Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kumbukumbu za Redio ya Masafa ya Kati, Dar es Salaam

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wetu, ndugu wanachama mliofika,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru ninyi 19 mliokuja leo. Mkutano huu uliitishwa kwanza wiki mbili zilizopita, tukawa 14, tukaahirisha. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani 32 kati ya 64, lakini inasema pia kwamba mkutano ulioahirishwa ukiitishwa tena utaendelea na waliopo. Kwa hiyo tuko kihalali, na nimemwomba Katibu aandike hivyo kwenye muhtasari, asije mtu kesho akadai kwamba hapakuwa na mkutano.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Siku ya Redio Duniani, tarehe 13 Februari, tulionyesha redio zetu 27 na watoto wa shule za jirani wakaja kuziona. Darasa la ufundi la Jumapili limeendelea, transista nane zimefufuliwa. Kamati ya utendaji imekutana mara tisa. Tumezika wenzetu wawili na rambirambi zilifika kwa wakati. Chumba cha Buguruni bado tunacho, na paa limezibwa.

Sasa ada. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwaka, haijapanda tangu nichaguliwe. Waliomaliza ni 23. Waliolipa nusu ni tisa. Wenzetu 32 hawajatoa hata senti, na wengine wao ndio wenye sauti kubwa kwenye kundi la WhatsApp. Simtaji mtu. Najua hali ni ngumu na kila mmoja ana mambo yake, lakini mwenye chumba haji kuuliza hali zetu ifikapo tarehe moja. Mara tatu mwaka huu kodi niliitanguliza mimi kutoka mfukoni, Mweka Hazina ni shahidi, ndipo nikarudishiwa.

Nafika kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo. Ni ile redio ya Magomeni.

Mwezi Machi mwanachama mwenzetu aligundua redio ya vali kwa familia moja Magomeni. Kasha la mbao zima, kitambaa cha mbele hakijaliwa na mende, jicho la kijani bado linafumba stesheni inapokamata. Wenyewe walitaka shilingi 900,000. Nilikwenda kuiona mara mbili. Ni redio nzuri, sitamdanganya mtu, nilitamani niibebe siku hiyo hiyo. Wanachama wengi walitaka tuinunue iwe ndiyo sura ya chama. Mimi nikaamua fedha ziende kwenye kurekodi wazee. Tangu siku hiyo nimeitwa dikteta, na mmoja akaandika usiku wa manane kwamba Mwenyekiti amekula hela.

Naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Kwanza, utaratibu. Niliitisha mkutano wa dharura Aprili, wakaja 11. Nikaitisha Mei, wakaja tisa, na mvua ilikuwa haijanyesha. Juni wakaja 12. Ibara ya 14 ya katiba inaipa kamati ya utendaji mamlaka ya kuamua matumizi ikiwa mikutano mitatu imekosa akidi. Kamati ilikaa, wajumbe watano wakakubali, wawili wakakataa. Mimi nilitekeleza. Asiyekuja mara tatu hawezi kusema hakuulizwa.

Pili, sababu yenyewe. Kioo cha ile redio kimeandikwa majina ya miji yenye stesheni: London, Paris, Hilversum. Nilikisoma chote kwa tochi ya simu. Dar es Salaam haimo. Ile ni redio iliyotengenezwa Ulaya kwa watu wa Ulaya, ikasafirishwa mpaka kwetu. Sisi tulianzisha chama hiki ili tuandike habari za kituo cha hapa, kile kilichotulea, na habari hizo hazimo ndani ya kasha la mbao. Zimo vichwani mwa watu ambao sasa wana miaka 75, 80, 88. Redio ile inaweza kukaa sebuleni Magomeni miaka kumi mingine. Wazee hawawezi.

Tumewarekodi 11, saa 17 za mazungumzo. Mmoja wao, wa Gerezani, ametutoka Agosti, wiki tano baada ya kumrekodi. Familia yake walikuja kuomba nakala ya sauti yake, nikawapelekea mwenyewe. Sijawahi kufanya kazi ya chama iliyonigusa kama ile.

Huyo wa Gerezani alikuwa kijana mdogo mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza chini ya serikali ya Waingereza. Kilikuwa kituo cha majaribio kikiwalenga wakazi wa mji huu, mtambo mdogo. Alisema hawakuwa na redio nyumbani, walikuwa wakisimama nje ya mgahawa, na mwenye mgahawa akiwafukuza wanakwenda hatua kumi wanarudi. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 shirika likavunjwa, kituo kikawa idara ya serikali, ndiyo Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tunayoijua sote, pale Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere.

Hapa nigusie ugomvi mwingine. Wapo waliotaka bango letu la maonyesho lianzie 1965, kwa hoja kwamba kabla ya hapo redio ilikuwa ya mkoloni. Nilikataa, na bado nakataa. Watangazaji waliozungumza Kiswahili kwenye kipaza sauti katika miaka ya 1950 walikuwa ndugu zetu, na waliosikiliza nje ya mgahawa walikuwa baba zetu. Tukianzia 1965 tunamfuta yule mzee wa Gerezani. Bango limeandikwa 1951 na litabaki hivyo mpaka mkutano wenye akidi useme vinginevyo.

Fundi mitambo mstaafu, anaishi Mbagala, alitupa saa tatu peke yake. Nilikwenda kwake mara nne kwa daladala kabla hajakubali. Alieleza jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui. Mnara wa FM hubeba antena juu yake, lakini mnara wa masafa ya kati wote mzima, toka chini mpaka kileleni, ndio antena. Husimamishwa juu ya kihami cha kauri usigusane na ardhi, na chini yake hutandazwa nyaya za shaba kila upande kama mizizi ya mnazi. Mchana wimbi linatambaa juu ya ardhi. Jua likizama, sehemu ya wimbi inayopanda angani inarudishwa chini na tabaka la juu la hewa, na ndiyo maana usiku sauti ya Dar ilifika mbali sana, na za mbali nazo zikaja kugombana nayo. Radi ya masika ilikuwa ikipasua masikio. Kasoro hizo ndizo zilizoifanya FM itushinde kwa muziki safi, lakini FM haivuki upeo wa macho kwa kiasi kile. Alipokuwa anaeleza alichora mchangani kwa kijiti, na mimi nikaomba ruhusa nikapiga picha.

Mama mmoja wa Temeke alikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya iliyoendeshwa kwa redio mwaka 1973. Watu wakikaa duara, redio katikati, kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanakwenda kufanya. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili. Kikundi chao kilichimba vyoo sita na kufyeka vichaka vyote vya mbu mpaka barabarani. Anasema betri zikichoka walizianika juani, na kama jua hakuna walizigonga gonga. Redio yenyewe ilikuwa National, iliyounganishwa hapa hapa Dar es Salaam, na ilivikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Kitambaa bado anacho. Hakutuuzia, ila alituruhusu kukipiga picha.

Mwingine alizungumzia Debora Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana, namna mtaa mzima wa watoto ulivyonyamaza hadithi ikianza. Mwingine mchezo wa kuchekesha wa Pwagu na Pwaguzi. Wawili wameikariri sauti ya Ahmed Jongo akitangaza Simba na Yanga, na mmoja akatuigizia mpaka kikohozi kikamshika. Wote 11, bila kuulizwa, walitaja matangazo ya vifo: ule wimbo wake ukianza, kila mwenye ndugu mkoani aliacha kijiko. Mzee aliyepiga gitaa alieleza jinsi bendi za mji huu, Nuta Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, zilivyokwenda kurekodi studio za redio, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kukandamiza sahani za santuri. Kwa hiyo nyimbo nyingi za enzi zile zilibaki kwenye kanda za redio tu. Na yupo aliyekumbuka usiku wa Idhaa ya Nje, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe wakizungumza na watu wao kutokea hapa. Alisema hakuelewa lugha, lakini alikaa akasikiliza, kwa sababu alijua kuna mtu mahali fulani amejificha na redio yake ameishusha sauti.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya vita na Idi Amin, wote wanaijua kwa moyo. Na asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza msiba wa Mwalimu, kila mmoja alitueleza alikuwa wapi amesimama. Mama wa Temeke alikuwa anasuka ukili. Hakuumalizia ule mkeka mpaka leo.

Mambo haya yote yangekuwa wapi tungenunua kasha?

Sisemi redio si mali. Waliotaka kununua si maadui wa chama, na mwenzetu aliyeigundua namheshimu kwa jicho lake. Ila kusema fedha zimeliwa ni kunivunjia heshima mbele ya watoto wangu, ambao nao wamo kwenye kundi lile. Risiti zote anazo Mweka Hazina, faili la bluu, liko mezani pale.

Hesabu ni hizi. Salio la mwaka jana 870,000. Ada zilizolipwa 1,100,000, viingilio vya wanachama wapya watatu 30,000, jumla pamoja na salio 2,000,000. Matumizi: kodi ya chumba 600,000, rambirambi 200,000, vifaa vya ofisi na nakala 85,000, na kazi ya kurekodi 910,000. Hiyo ya mwisho igawanyike ili pasiwe na mnong'ono: kinasa sauti 420,000, diski ya kuhifadhia 180,000, nauli na vocha 130,000, ahsante kwa wazee 10,000 kila mmoja, na kijana aliyesafisha sauti 70,000. Jumla ya matumizi 1,795,000. Salio 205,000. Wale 32 wangelipa ada kamili tungekuwa na 1,280,000 zaidi, na redio ya Magomeni ingekuwa hapa ukumbini leo pamoja na sauti za wazee. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuitwa dikteta.

Kwa mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kutoa kijitabu. Tumeanza kuongea na mtu anayejua mambo ya uchapaji. Tungependa pia kuwarekodi wazee zaidi, hasa wa Kigamboni na Kinondoni, na ikiwezekana kupata mahali pa kudumu pa makusanyo yetu badala ya chumba cha kupanga. Zipo dalili njema na tusikate tamaa. Kuhusu redio ya Magomeni, nimeongea na familia mwezi uliopita. Haijauzwa. Wamekubali kutusubiri kidogo, bila kuahidi tarehe.

Mwenye mzazi au jirani aliyewahi kufanya kazi ya redio, au aliyeisikiliza tangu enzi za Tanganyika, anipe jina leo kabla hatujaondoka, nitakuwa pale karibu na birika la chai. Na yeyote mwenye ufunguo wa pili wa kabati la Buguruni aurudishe kwa Katibu, kwa sababu diski ya sauti inahifadhiwa humo na nataka nijue nani anaweza kulifungua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti